Taulo Safi la Psilammos

Kufika saa nne asubuhi Inspekta Evanthia Kallergi alikuwa ameshatapika mara mbili, na bado fukwe tatu hajazikanyaga.

Alizaliwa Kozani, milimani, ambako mtu anaweza kuzeeka bila kulowesha magoti. Makao makuu ya polisi ya Siro yalikuwa yamemtuma kwenye kisiwa cha Anidra kwa meli ya jana jioni, na tangu ashuke gatini hakuwa na raha. Kiti kilimchoma na kusimama kulimchosha. Jambo lenyewe kila mtu alilihesabu limekwisha. Femke Brandsma, Mholanzi wa miaka ishirini na mbili, alitoka kwenda kuogelea tarehe mbili Agosti asirudi. Jana, tarehe nne, begi lake na taulo lake vilikutwa ufukweni Psilammos, vimewekwa vizuri juu ya jiwe. Basi, kazama. Wapiga mbizi wa bandari walikuwa wakimtafuta pale tangu jana, na jua likizama leo wangefunga kazi.

Hilo ndilo lililomkera Evanthia. Kama msichana yuko mahali pengine, na yu hai, basi saa zake zilikuwa zinaliwa na watu waliokuwa wakichungulia bahari isiyo yake.

"Kunywa maji kidogo kidogo, afande," alisema Iakovos kutoka kwenye usukani. "Na utazame mbali. Ukitazama miguu yako utamwaga mpaka maini."

Iakovos alikuwa mwenye boti ya manjano iliyopeleka wageni fukweni, kwa kuwa barabara ya Anidra iliishia nyuma ya kanisa la bandarini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tano hivi, kifua cha mpiga kasia na mdomo usio na breki. Ndiye aliyempeleka Femke siku ile.

"Nieleze tena," alisema Evanthia.

"Mara ya tatu hii."

"Hata ya kumi utanieleza."

"Saa tano asubuhi nimemshusha Psilammos, peke yake. Nikamwambia nitamfuata saa kumi na moja. Saa kumi na moja nimefika, hayupo. Nikadhani kapanda boti nyingine au kapita njia ya punda. Vijana hawa hawaagi."

"Na begi hukuliona."

"Begi sikuliona. Jiwe lenyewe liko nyuma kule."

Alijibu bila kusita na bila kubadilisha neno. Evanthia hakuweza kusema kama hiyo ilikuwa dalili nzuri au mbaya.

Kamares walikuta wazee wawili wa Kijerumani, mume na mke, walioota jua kama walivyozaliwa. Evanthia aliwahoji macho yake yakiwa baharini. Hawakumwona msichana. Walikuwa hapo kila siku tangu mwezi uliopita na hawakumwona mtu wa kisiwa hata mmoja wiki hii nzima, jambo ambalo lilimshangaza bibi yule, maana Julai wenyeji walijaa tele na watoto wao na matikiti yao.

"Wenyeji wako wapi?" Evanthia alimwuliza Iakovos walipong'oa nanga.

"Makazini. Sisi bahari tumeishi nayo, afande, hatuiendei mbio."

"Na Vathi tunakwenda saa ngapi?"

"Vathi leo hapaingiliki. Huoni upepo huu? Utanivunjia boti."

Upepo kweli ulikuwepo. Ulimpiga Evanthia usoni na kumjaza chumvi masikioni, wala hakuwa na elimu ya kubishana nao.

Psilammos palikuwa kimya. Sajini Aristos wa askari wa bandari alikuwa amesimama majini hadi magotini, redio mkononi, akiwaangalia wapiga mbizi wake wakiibuka na kuzama tena. Juu kidogo, kwenye mchanga, alikaa baba yake Femke. Wessel Brandsma alikuwa amefika kisiwani siku moja kabla ya Evanthia, na tangu begi lionekane hakutoka hapo. Mtu fulani alikuwa amemvika kofia ya majani. Evanthia alimwonea huruma mpaka akashindwa kumtazama usoni, akachuchumaa pembeni yake, akafungua mfuko wa karatasi uliotunziwa taulo.

"Samahani, bwana Brandsma," alisema kwa Kiingereza chake cha shule. "Ni lake kweli?"

"Ni lake." Mzee alilichukua akazika uso ndani yake, na hapo Evanthia akageuka pembeni kumpa faragha. Lakini Wessel aliinua kichwa akakunja uso. "Hili limefuliwa."

"Limefuliwa?"

"Linanuka sabuni. Femke yuko safarini mwezi na nusu. Kila nikimpigia simu namwambia fua nguo zako, anajibu chumvi ndiyo sabuni yake. Alinicheka kwa hilo siku mbili kabla hajapotea." Alilinusa tena. "Hii si harufu ya mwanangu."

Evanthia alilitandaza juu ya goti. Taulo la bluu, zito, lilikuwa safi kweli, na kona zimekunjwa na kunyooshwa kwa kiganja. Hakuna chembe ya mafuta ya jua, hakuna mchanga ila ule uliolishika juu ya jiwe. Katikati palikuwa na doa moja jembamba la kutu, urefu wa kidole, kichwa chake kipana kidogo. Msumari. Mtu angeweza kuupima.

Alirudi kwenye boti ya manjano, akaikagua kuanzia mbele hadi nyuma, akainua mbao za kukanyagia na kupapasa chini ya viti. Iakovos alimtazama kwa kicheko.

"Unatafuta nini, afande? Niambie nikusaidie."

"Msumari."

"Kwenye boti ya plastiki? Utatafuta mpaka Krismasi."

Alisema kweli. Boti nzima ilishikwa kwa gundi na bolti za chuma kisichoshika kutu. Evanthia alijiona mjinga, akaketi, akaomba arudishwe bandarini. Iakovos alimshusha gatini saa sita kasoro, akasema anakwenda kutia mafuta, akageuza boti.

Mkahawa wa gatini ulikuwa wa Marigo, mwanamke wa miaka sitini aliyezijua habari za kisiwa kabla hazijatokea. Evanthia aliagiza kahawa na kipande cha mkate na jibini.

"Kahawa nitakupa, mkate nitakupa," alisema Marigo. "Jibini sikupi. Tuko kwenye mfungo wa Bikira, mwanangu, au huko polisi hamna Mungu?"

"Nipe zeituni basi."

"Hapo tumeelewana. Umekuwa mweupe kama chokaa. Nani kakuzungusha baharini?"

"Iakovos. Tumemaliza fukwe zote isipokuwa Vathi. Kasema upepo umepaziba."

Marigo aliishika birika hewani. "Upepo gani?"

"Si huu?"

"Huu ni wa kaskazini. Vathi inatazama kusini, ina mlima mgongoni. Upepo huu ukivuma, Vathi unaweza kumwogesha mtoto mchanga. Sisi sote siku kama leo ndiko tunakokwenda." Akamimina kahawa. "Yaani, tungekwenda. Siyo wiki hii."

"Kwa nini siyo wiki hii?"

"Haya, mtu wa milimani. Hizi ni Drimes. Siku sita za mwanzo wa Agosti hatuingii baharini na hatufui. Ukiingia, ngozi inababuka. Ukifua, nguo inachanika yenyewe, hata iwe mpya. Tazama huko juu. Unaona shuka?"

Evanthia aliinua macho. Nyumba nyeupe zilipanda kilima safu juu ya safu, na kila paa na kila baraza ilikuwa na kamba. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa wa kukausha blanketi kwa robo saa. Kamba zote zilikuwa tupu. Alikuwa amezipita tangu jana bila kuziona.

"Na mtu akilazimika kufua?" aliuliza polepole. "Mtoto kachafua kitanda, tuseme."

"Anatia chuma ndani ya beseni. Msumari. Mama yangu alitia, mimi natia kwenye mashine, na usinicheke."

"Sikucheki. Nani kafua wiki hii, Marigo?"

"Kalliroi peke yake. Juzi, tena uani, kajificha, lakini mimi dirisha langu linatazama kule. Nikamwambia, mwenzangu, umekojoa kitandani? Hakujibu. Si kawaida yake kuniachia neno lipite."

"Kalliroi yupi?"

"Mama yake Iakovos."

Evanthia aliacha zeituni mezani. Gatini, pale ilipopaswa kuwepo boti ya manjano, palikuwa na maji matupu, na mlango wa kituo cha mafuta ulikuwa umefungwa kwa kufuli mpaka saa kumi. Alimpigia Sajini Aristos simu huku anapanda ngazi. Alimwambia aje bandarini na boti yake ya doria sasa hivi, awaache wapiga mbizi, asiulize.

Ua wa Kalliroi ulikuwa nyuma ya nyumba ya mwisho. Juu ya kamba fupi, iliyofungwa chini ya ukuta ili isionekane, vilining'inia vipande virefu vya shuka lililochanwa. Beseni lilikuwa limeegeshwa ukutani. Ndani yake msumari mrefu ulikuwa umeanza kuacha kutu kwenye plastiki. Mlango ulikuwa wazi na harufu iliyotoka jikoni ilikuwa ya supu ya kuku.

Kalliroi alikuwa mjane wa nguo nyeusi, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Aliona beji akakaa.

"Karibu, mwanangu. Iakovos hayupo."

"Najua. Nani mgonjwa, mama?"

"Hakuna mgonjwa."

"Kuku anachemka."

"Wa paka."

"Leo tarehe tano. Mpaka sikukuu ya Bikira siku kumi. Marigo kaninyima hata kipande cha jibini, na wewe unamchemshia paka kuku mzima, pamoja na ndimu na mchele."

Kalliroi alitazama sufuria. Evanthia hakumpa nafasi ya kutunga jingine. Alitoa taulo kwenye mfuko akaliweka juu ya meza. Mikono ya bibi ililifuata yenyewe, ikalinyoosha, ikalikunja mara mbili na kusawazisha kona, kama mikono iliyokwisha kulikunja hilohilo. Kisha ikasimama.

"Hili umelitoa wapi?"

"Psilammos. Lilikuwa juu ya jiwe na begi lake."

"Si kweli. Nimemwekea mwenyewe chini ya kichwa."

"Chini ya kichwa cha nani, mama?"

Supu ilichemka ikafurika, na hakuna aliyeinuka. Kalliroi alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza kudanganya tena.

"Yu hai," alisema. "Usinitazame hivyo. Yu hai, nimemlisha kwa mkono wangu jana alfajiri. Yuko Vathi, kwenye kibanda cha wachungaji. Alikuwa anaogelea nyuma ya boti, Iakovos akawasha injini bila kutazama, mapanga ya injini yakamkata paja. Mimi nilifanya kazi zahanati miaka ishirini. Nimemfunga, nimemsafisha. Nguo zilikuwa damu tupu, ningefanyaje, ningeziacha? Nikafua."

"Kwa nini hamkumpeleka kwa daktari?"

"Iakovos alishakamatwa Juni kwa mwendo kasi. Walimwambia kosa la pili boti inachukuliwa. Kanilia hapa, mtu mzima, miguuni pangu. Kasema mama, siku mbili tu, apate nafuu, nimpeleke mwenyewe Siro na nimwombe radhi. Jana asubuhi kasema upepo umepanda, anangoja utulie."

"Vathi kuna upepo, mama?"

Bibi alizivuta kona za taulo.

"Mimi sijui bahari," alisema Evanthia. "Nimetapika asubuhi yote. Lakini wewe umezaliwa hapa. Upepo huu unaiziba njia ya Vathi?"

"Hapana," alisema Kalliroi. "Ukitoka Vathi kwenda Siro, upepo huu haukugusi mpaka uipite rasi."

"Sasa nisikilize. Jana asubuhi Iakovos alichukua taulo hili ulilomwekea msichana chini ya kichwa. Akachukua na begi. Akaviweka Psilammos ili tuamini kafa maji. Baba yake ameketi pale mchangani anangoja maiti. Mtu ukishaitangazia dunia nzima kwamba fulani kafa, na fulani bado anapumua, unamfanya nini?"

Kalliroi alikaa akiliangalia taulo. Evanthia aliona lile swali likiingia, likishuka, likifika chini. Hakujisikia vizuri kulitazama jambo hilo.

"Ameondoka saa ngapi?" aliuliza bibi.

"Saa nzima iliyopita. Kaniambia anakwenda kutia mafuta."

"Pampu haifunguliwi mpaka saa kumi." Kalliroi alizima jiko. Akafunga kitambaa cha kichwa, mafundo mawili. "Ngazi za nyuma ni fupi zaidi. Twende."

Boti ya doria iliruka juu ya mawimbi hadi kwenye rasi, na walipoikata rasi bahari ikatulia ghafla, kama alivyosema Marigo. Aristos alishika usukani akitazama miamba iliyo chini ya maji, maana mlango wa Vathi ni mwembamba na ameshavunja boti moja pale. Evanthia alikuwa ndani, kichwa chini ya meza ya redio, akipigizana kelele na mtu wa helikopta wa Siro aliyetaka kujua jina la mgonjwa herufi kwa herufi. Kalliroi peke yake alisimama mbele, ameshika chuma cha ukingo.

Evanthia alisikia bibi akiita. Alitupa kisikilizio akatoka mbio.

Boti ya manjano ilikuwa imefungwa kwenye jiwe upande wa kushoto, tupu, inacheza taratibu. Upande wa kulia, maji yakiwa yamemfika kifuani, alisimama Iakovos amembeba Femke mikononi. Alikuwa amewaelekea. Nywele za msichana zilielea.

"Ndiyo namleta," alisema Iakovos. "Nilikuwa namleta kwenye boti nimpeleke kwenu."

"Boti iko kule," alisema Aristos.

"Kule kuna mawe. Nimezunguka. Mtu ana mgonjwa mikononi, unadhani anapita juu ya mawe?"

Ilikuwa kweli kuna mawe. Evanthia aliyaona. Wakili yeyote angeyaona pia.

Kalliroi hakungoja ngazi. Aliteremka ubavuni na nguo zake zote nyeusi, akatembea majini, nguo zikifura kumzunguka, akafika mbele ya mwanawe akanyoosha mikono. Iakovos alimpa. Bibi alimkokota msichana kurudi, kichwa chake kimelala begani kwake, akimsemesha maneno ambayo Femke hakuyajua. Walipomvuta ndani alikuwa wa moto kama mkate uliotoka tanuru, lakini macho yalikuwa wazi, na alipoulizwa jina alilisema. Evanthia alishindwa kujizuia, akacheka kwa furaha mbele ya watu, kisha akampigia simu Wessel Brandsma aliyekuwa bado mchangani, akamwambia kwa Kiingereza chake cha shule maneno matatu aliyokuwa nayo tayari. Upande wa pili mzee alimwomba ayarudie.

Iakovos alitiwa pingu akakalishwa nyuma, analowesha sakafu. Helikopta ilikuwa dakika ishirini mbali. Evanthia alichutama mbele ya Kalliroi na daftari gotini.

"Aristos alikuwa anatazama miamba," alisema. "Mimi nilikuwa redioni. Wewe ndiye uliyekuwa mbele. Kama alikuwa anaelekea kwenye boti, ni uzembe na kumficha majeruhi, atafungwa miaka michache. Kama alikuwa anaelekea kwingine, ni jaribio la kuua. Na nikuambie wazi, mama: sheria inakuruhusu kunyamaza. Ni mwanao. Hakuna atakayekulazimisha na hakuna atakayekulaumu."

"Mama," alisema Iakovos. "Waambie. Waambie nilikuwa nakwenda kwenye boti."

Kalliroi alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, anakikamua, anakiweka kwenye paji la uso la msichana. Alikigeuza upande wenye baridi kabla ya kusema.

"Andika," alisema. "Boti alikuwa ameipa kisogo. Alikuwa anakwenda kwenye kina, anatembea polepole. Nimemwita jina lake, hakugeuka. Nimemwita mara ya pili, ndipo akageuka."

Iakovos aliingiza kichwa katikati ya magoti. Kalamu ya Evanthia ilikimbia kwenye karatasi iliyolowa.

"Nisomee," alisema Kalliroi.

Evanthia alisoma, neno kwa neno, kwa sauti ambayo mtu wa nyuma pia aliisikia.

"Ndivyo," alisema bibi. Akajifuta vidole kwenye kifua cha gauni, ambalo lilikuwa maji matupu, akanyoosha mkono kuomba kalamu.